Aliye Hai / Marehemu (Futa Lisilohusika)

1.

ORODHA YA VIFAA

Tamthilia: *Jirani wa Kushoto*, sehemu ya tisa
Onyesho: Msiba wa Mzee Kandoro
Mahali: nyumba ya kupanga, Ngamiani, Tanga
Siku ya kupiga picha: Jumanne
Imeandaliwa na: Mwantumu Singano, Mkurugenzi wa Sanaa (wa majaribio)

Turubai moja, la zamani. Likija jipya nitalirudisha.
Viti vya plastiki arobaini, visifanane rangi.
Majamvi sita.
Sufuria kubwa mbili zenye masizi ya kweli. Tusipake rangi nyeusi, kamera inajua.
Kuni. Mafiga.
Kandambili za mlangoni, jozi thelathini, zilizokwisha kuvaliwa na watu.
Ndoo ya bluu yenye ufa. (Kila msiba una ndoo ya bluu yenye ufa. Msiniulize.)
Fremu moja ya picha, ukutani, ifunikwe kanga.
Picha ya ndani ya fremu: yoyote. Haitaonekana.


2.

Haitaonekana.

Neno hilo Mwantumu aliliandika Jumatatu asubuhi akiwa amesimama, biki mkononi, chai inapoa dirishani, wala hakulifikiria mara mbili. Ningekuwapo ningemshika mkono. Lakini sisi wasimulizi ni kama polisi, tunafika mambo yakishaharibika.

Mwongozaji wa tamthilia, ambaye ndiye pia mwenye kampuni, anaitwa Erasto Nkya. Mtu wa Moshi aliyekulia Dar es Salaam, mpole wa sauti, mgumu wa kubadili wazo. Yeye alitaka picha ya marehemu ikae mezani, na maua, na mshumaa.

"Kaka Erasto, Mzee Kandoro ni Mwislamu wa Tanga," Mwantumu akamwambia. "Mshumaa wa nini? Umeme umekatika?"

"Watazamaji wanataka kumwona aliyekufa."

"Kwetu nyumba ikifiwa picha tunazifunika. Bibi yangu hata kioo alikuwa anakigeuza. Tutundike fremu, tuifunike kanga. Watajua kuna mtu pale chini, na macho yao yatakaa hapohapo."

Erasto alitazama ukuta mtupu kwa muda mrefu.

"Hiyo nzuri," akasema. "Hiyo nimeipenda."

Mwantumu akaenda chooni, akafunga mlango, akacheka peke yake kwa furaha, mkono mdomoni.


3.

MKURUGENZI WA SANAA NI NANI? (Majibu yaliyookotwa hapa na pale)

Mkataba wa ajira, kifungu cha 4: *Atawajibika kwa kila kitu kinachoonekana katika kamera ambacho si mwigizaji.*

Bi Hidaya, mwenye genge jirani na nyumba ya kupigia picha, alipoulizwa baadaye: "Si ndiye yule dada anayechafua vyombo visafi?"

Shangazi Mwanahawa, akimwelezea mtu sokoni Muheza: "Anafanya kazi kwenye TV. Hapana, hasomi habari. Yuko nyuma. Nyuma huko, sijui anafanya nini, lakini yuko."

Fundi Omari Singano, mchora mabango, Muheza, miaka sitini na tisa, baba yake mzazi: "Yaani unaelekeza rangi ipakwe wapi, halafu wewe hupaki?"

Mwantumu mwenyewe, mbele ya kioo cha bafuni, mara ishirini mfululizo: "Mimi ni mkurugenzi wa sanaa." Mara ya ishirini na moja sauti ikakwama kwenye ku


4.

Alikuwa na miaka kumi na moja alipopewa brashi kwa mara ya kwanza. Bango la duka la maziwa, Muheza, ubao wa futi nne. Baba yake alisimama nyuma yake, akaushika mkono wake wa kulia ndani ya mkono wake, na pamoja wakachora herufi M kwa chaki.

"Chaki kwanza," akamwambia. "Siku zote. Chaki inasamehe. Rangi haikusamehe hata uilie."

Kisha akaenda kuswali, na mtoto akaona chaki inamchelewesha. Akachovya brashi moja kwa moja kwenye rangi. Mstari wa chini ukapinda kulia kama kanzu iliyofuliwa vibaya. Baba aliporudi hakugomba. Alilitundika bango hivyohivyo lilivyo, palepale barabarani, ili kila anayekwenda shule alione.

Lipo mpaka leo. Duka limekufa, bango lipo.

Fundi Singano alichora nusu ya mabango ya Muheza na mengi ya Tanga mjini, kabla mashine za kuchapa hazijaja na kumwondoa sokoni taratibu. Kisha macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, madaktari wakasema, yote mawili. Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza: Alhamisi. Alhamisi ya wiki hiihii tunayoizungumza.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," alimwambia binti yake kwa simu, Jumapili.

"Baba, usiseme kufa. Unajichuria."

Alicheka sana.


5.

YAH: KUMALIZIKA KWA KIPINDI CHA MAJARIBIO

Unataarifiwa kuwa kipindi chako cha majaribio cha miezi mitatu kitafikia ukomo siku ya Ijumaa, saa sita kamili mchana. Uamuzi wa kukuthibitisha au kutokukuthibitisha utatokana na kukamilika kwa sehemu ya tisa pamoja na nyaraka zake zote.

Kazi njema.

(Barua hii aliibandika ukutani kwake, karibu na kitanda. Aliibandika kwa sababu ya maneno mawili ya mwisho.)


6.

Sasa tazama jinsi janga linavyojengwa, tofali kwa tofali, na fundi mzuri.

Jumatatu alasiri alilisimamisha turubai mbele ya nyumba, siku moja kabla, ili upepo na umande viliregeze. Akapanga viti. Akaweka sufuria juu ya mafiga na kuni ubavuni. Alimwarifu mwenye nyumba. Alipiga picha, akazikagua, akahamisha kiti kimoja. Kila kitu kilikuwa sawa.

Jumanne asubuhi fremu iliyoazimwa ikaja na kioo kimevunjika.

Saa mbili na nusu. Kamera saa tatu. Mwantumu akakimbia chumbani kwake, mitaa miwili kutoka pale, akaing'oa ukutani fremu yake mwenyewe: mbao za mninga, imepauka vizuri, umri uleule alioutaka. Ndani yake baba yake, mwaka ambao Mwantumu alizaliwa, koti lenye madoa ya rangi, brashi sikioni, anacheka na mpiga picha.

Alijaribu kuitoa picha. Picha ilikuwa imegandamana na kioo kwa unyevu wa miaka yote ile. Ukiivuta, uso unabaki kwenye kioo.

Akaiacha.

Akaifunika kanga akiwa bado yuko barabarani.


7.

Watu wa Ngamiani wana adabu yao, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Ukiona turubai, ukaona mafiga, ukaona kandambili zimejaa mlangoni, huulizi. Nani atasimama mlangoni kwa mfiwa aulize, kafa nani? Unajitanda, unachukua ulichonacho, unaingia, unakaa, unalia na wanaolia. Jina utaliuliza baadaye, kwa sauti ya chini, kwa aliye karibu yako.

Yaliyosikika chini ya turubai, Jumanne, kati ya saa tatu na saa tano:

"Pole."
"Tushapoa."
"Mgonjwa alikuwa?"
"Sijui. Mimi nimefika sasa hivi."
"Yule kijana mwenye mashine begani ni nani?"
"Siku hizi kila shughuli wanapiga video."
"Hata msiba?"
"Hata msiba."


8.

SEHEMU YA 9. ONYESHO LA 14. NDANI. SEBULE. MCHANA.

Mjane amekaa kwenye jamvi. Wanawake wamemzunguka. Ukutani fremu imefunikwa kanga, na kanga inatikisika kidogo, kama inapumua.

Inatikisika kwa sababu Mwantumu amechutama chini ya ukuta, nje ya macho ya kamera, ameshika uzi mweusi uliofungwa kwenye pindo la kanga. Hiyo nayo aliibuni yeye.

Anaingia Bi Hidaya wa genge, ambaye hayumo kwenye maandishi. Bakuli la mchele mkononi. Anakaa. Anamkumbatia mjane wa uongo kwa mikono miwili ya kweli na kuanza kulia kilio cha mtu aliyewahi kufiwa. Mwigizaji, naye binadamu, analia kweli. Chumba kizima kinalia. Mpiga picha ana machozi.

Erasto hasemi "kata."

Anamgeukia Mwantumu. Ananyoosha kidole ukutani, kisha anafanya ishara kwa mkono.

Vuta.

Mwantumu anatikisa kichwa. Anasema kwa midomo tu, bila sauti: *si picha ya* 

Vuta.

Macho ya Erasto yana Ijumaa ndani yake, yana saa sita mchana. Mwantumu anajiambia atafanya hesabu baadaye, kwanza mkono utii. Na mkono

ukatii.

Kanga ikaanguka polepole, vizuri kuliko alivyowahi kuota.

Bi Hidaya akainua uso. Genge lake lina bango, NYANYA MBICHI NA MBIVU, limechorwa mkono, miaka kumi na tisa sasa.

"Yallah!" akasema. "Fundi Singano!"

Akatoka mbio miguu mitupu, simu sikioni.


9.

UJUMBE WA SAUTI kutoka kwa Shangazi Mwanahawa, Muheza. Jumanne.

Saa sita na dakika tano. "Mwantumu, hujambo mwanangu. Kuna watu wanapiga simu hapa wanauliza mazishi saa ngapi. Mazishi ya nani? Baba yako yupo hapa anakula ugali na dagaa. Nipigie."

Saa sita na nusu. "Wewe! Mbona watu wanaingia? Wanaingia wanalia, wakimwona wanakimbia. Mmoja kaanguka kwenye kuku."

Saa saba. "Mwantumu. Hidaya wa Ngamiani anaapa ameiona picha yake msibani, ukutani, na kanga imefunuliwa. Ni kazi yako hiyo? Niambie si kazi yako."

Saa saba na robo. "Mzee Rashidi kaleta sanda. Baba yako ndiye aliyempokea mlangoni. Kaipokea kwa mikono yake, Mwantumu. Kaingia nayo ndani."

Saa saba na dakika ishirini na mbili. (Sekunde arobaini. Kuku. Mlango.)


10.

OFISI YA SERIKALI YA MTAA
TANGAZO KWA WAKAZI WOTE

Mnaarifiwa kuwa msiba uliokuwa ukiendelea mtaani kwetu siku ya Jumanne SI msiba. Hakuna aliyekufa. Ulikuwa ni mchezo wa televisheni.

Waliopeleka mchele na sukari wakachukue. Waliolia wasamehe.

Kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kusimamisha turubai bila kueleza limesimama kwa ajili ya nini. Turubai la jana liondolewe kabla ya adhuhuri na lisirudi.

Aidha, wakazi wanakumbushwa usafi wa mitaro.


11.

"Baba, shikamoo."

Simu ilikuwa mkononi mwa shangazi, amewasha spika. Mwantumu alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia redio ya jirani. Kisha sauti ya baba yake, kwa mbali, haikuelekezwa kwake:

"Mwambie aliyeniua asinipigie simu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele Mwantumu angejua pa kushika. Lakini alilisema kama anavyomwambia mteja kuwa rangi nyekundu imekwisha.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwantumu aliukumbuka msemo huo, akakaa kwenye ngazi za ofisi, akalia mpaka mlinzi akamletea kiti.


12.

Wengine mtasema, uchuro, huko kujiitia mkosi, ni mambo ya kizamani. Sawa. Mwantumu naye husema hivyo. Ana diploma. Ana kompyuta yenye programu za kuchorea. Lakini msomaji, hebu niambie, wewe ungepiga picha ya mama yako amelala ndani ya jeneza, kwa utani tu, siku mbili kabla hajapasuliwa?

Basi.

Aliyoyafanya Mwantumu Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi, baba yake akiwa amelazwa chini ya taa za madaktari:

alifua kanga ile, mara mbili;
aliitundika fremu chumbani pale pale pa zamani, akaishusha, akaitundika;
alihesabu vigae vya sakafu ya ofisi, akasahau, akaanza upya;
alimwuliza mhasibu kama mtu anaweza kufa kwa upasuaji wa jicho, mhasibu akasema hajawahi kusikia, kisha akasema ila kuna shemeji yake mmoja, kisha akanyamaza;
alisema "Mungu wangu, ilikuwa kazi tu";
alisema "Mungu wangu";
alisema 

Saa tano na dakika kumi, shangazi: "Ametoka. Kafungwa bandeji. Daktari anasema salama, atafunguliwa kesho saa nane mchana. La pili bado lina ukungu, kwa hiyo kwa sasa haoni kitu. Hajauliza habari zako."


13.

Erasto aliiweka video mezani akambonyezea.

Ilikuwa nzuri. Hapo ndipo penye uchungu, na sitaficha. Kilio cha Bi Hidaya (ambaye ameshatoa ruhusa, kwa sharti aonyeshwe akiwa amevaa kanga mpya, sharti ambalo haliwezekani ila hakuna aliyethubutu kumwambia), kanga inaanguka, na yule mzee mwenye brashi sikioni anawacheka watu wote wanaomlilia. Mwantumu hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Aliiangalia mara tatu, na mara ya tatu alijiona ana fahari, akaona aibu ya ile fahari.

"Hii inakwenda pia kwenye bango," Erasto akasema. "Mabango ya barabarani, Tanga mpaka Dar. Uso wa mzee, mkubwa."

"Tubadilishe picha. Turudie onyesho."

"Turudie wapi? Mtaa umetufukuza. Na kile kilio utakirudia?" Akasukuma karatasi mezani. "Kituo cha TV kinataka fomu ya ridhaa ya mwenye picha. Kesho, saa sita. Bila hiyo sehemu ya tisa hairuki hewani. Na bila sehemu ya tisa, dada, mimi sina cha kukuthibitishia. Nakwambia ukweli."

"Hataki kuongea na mimi."

Erasto alikuna shavu. Si mtu mbaya. Ana watu kumi na wawili wanaosubiri mshahara na mke mjamzito.

"Fomu ina sehemu mbili," akasema. "Soma chini. Mwenye picha kama hayupo, mrithi anaweka sahihi. Nani atakwenda Muheza kukagua?"


14.

FOMU YA RIDHAA YA KUTUMIA PICHA YA MTU

Mimi / Mwenye picha: *Omari Singano*

ambaye ni: ALIYE HAI / MAREHEMU (futa lisilohusika)

Ninaridhia picha yangu/yake itumike katika tamthilia tajwa, matangazo yake, na mabango ya barabarani.

Sahihi ya mwenye picha (kama ni hai): ......................

Sahihi ya mrithi (kama ni marehemu): ......................

Uhusiano: ......................


15.

Alhamisi, saa kumi alasiri. Meza ya jikoni.

Alisema ajaribu tu, aone fomu inavyokaa.

Alichukua biki. Mstari mmoja, mnyoofu, bila rula. Mkono ule ule uliofundishwa kuchora M. Ulipita katikati ya maneno mawili mafupi, ALIYE HAI, kutoka kushoto kwenda kulia, na haukupinda popote.

Chini akaweka sahihi yake.

Uhusiano: *binti.*

Akaipiga picha kwa simu. Akaifungua namba ya Erasto. Akaiambatanisha. Kidole kikawa juu ya neno "tuma", karibu, karibu kabisa, kiasi kwamba kioo cha simu kikahisi joto lake na chenyewe kikafungua ukurasa mwingine.

Aliiweka simu ndani ya sufuria, akafunika.


16.

Ijumaa, saa tano na dakika ishirini. Muheza.

Amepita kwenye bango la duka la maziwa. Mstari wa chini bado umepinda kulia. Hakuliangalia, au aliliangalia kidogo.

Shangazi Mwanahawa alimfungulia mlango, akamshika bega kwa nguvu, ikawa kumpokea na kumgomba kwa pamoja, akaondoka kwenda kuchambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, ukumbini. Jicho la kulia limefungwa bandeji nyeupe. La kushoto liko wazi, na ndani yake weupe kama maji ya mchele. Kwenye kigoda, ubavuni mwake, mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, kitambaa kimekunjwa vizuri. Mwantumu alijua ni kitu gani bila kuambiwa.

"Shikamoo baba."

"Baba. Shikamoo."

"Maiti haiitikii shikamoo," akasema fundi Singano.

Mwantumu akakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Hakujua kama aombe radhi kwanza ama alie kwanza, akavichanganya vyote. Maneno yalitoka bila mpangilio: fremu, kioo, unyevu, uzi mweusi, Ijumaa. Alisema nilijua na nikavuta. Sentensi hiyo aliisema mara mbili.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu walikuja wengi," akasema.

"Ndiyo baba."

"Yule Mkufya niliyegombana naye kwa ajili ya ubao wa msufi, kaja analia. Miaka kumi na minne hatusemeshani. Kaniona nimesimama mlangoni, kakasirika." Akaugusa mfuko. "Rashidi namwambia chukua sanda yako. Anasema, nitaipeleka wapi, nimeshainuia iwe yako. Basi nakaa nayo. Nikiamka usiku naipapasa naona ipo."

"Nisamehe baba."

"Nionyeshe nilivyokufa."

"Huoni, baba."

"Nieleze. Si ndiyo kazi yako? Kuwaonyesha watu."

Akamweleza. Alianza kwa woga, kisha kazi ikamchukua, kama inavyomchukua siku zote: mwanga ulitoka dirisha gani, majamvi yalikuwa rangi gani, kwa nini viti visifanane, kanga ilikuwa nyekundu kwa sababu ukuta ulikuwa wa maziwa. Jinsi ilivyoanguka. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja unachora hewani kitu kidogo, pembe ya fremu pengine.

"Umeniweka katikati?"

"Kushoto kidogo."

"Ahaa," akasema. Midomo ikajisahau ikataka kucheka, akairudisha. "Na nini kimekuleta? Usiniambie radhi tu. Radhi ungeituma kwa shangazi yako."

Karatasi ilitoka mkobani na sauti yake. Watu wenye macho mabovu wana masikio. Aligeuza shingo.

"Nini hiyo?"

"Fomu. Wanataka ruhusa yako. Picha iende kwenye TV. Na kwenye mabango ya barabarani."

"Mabango." Alilirudia neno hilo polepole. "Ya kuchapa?"

"Ya kuchapa."

Kuku akaingia, akatoka. Simu ya Mwantumu ikatetemeka ndani ya mkoba, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Saa sita kasoro robo.

"Nisomee," akasema mzee.

"Fomu ya ridhaa ya kutumia picha ya mtu."

"Endelea."

"Mimi, mwenye picha, Omari Singano."

"Endelea."

"Ambaye ni"

Hapo sauti ikakwama, kama ilivyokwama mbele ya kioo cha bafuni. Angeweza kusoma neno lolote. Mzee asingeona. Angeweza kusoma maneno yaliyofutwa kana kwamba hayakufutwa, amshike mkono, auweke mahali pa sahihi, na saa sita ingemkuta ni mkurugenzi wa sanaa, wa kudumu, na kila kitu kinachoonekana kiko sawa.

"Mbona umesita?"

"Kuna mstari, baba."

"Mstari gani?"

"Niliouchora mimi. Jana."

Fundi Singano alinyoosha mkono. Mwantumu akampa karatasi, kwa sababu mkono ule hakuwahi kuunyima kitu. Mzee akaipapasa kwa ncha ya kidole, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyokuwa akikagua ubao kabla ya kuupokea kwa mteja. Biki ya Mwantumu ni nzito, inaacha mfereji. Kidole kilifika kwenye mfereji kikasimama. Kikaufuata mpaka mwisho. Kikarudi mwanzo.

"Umenyooka," akasema.

Simu ikatetemeka.

"Mwantumu."

"Abee baba."

Aliishusha karatasi mapajani, akageuza uso mzima kwake, bandeji na ukungu, kana kwamba anamwona.

"Huu umeuchora kwa chaki," akauliza, "au kwa rangi?"


17.

CHAKI / RANGI (futa lisilohusika)